Sababu ya Kutoa

Dirisha la pili, Saccos ya mtaani kwetu Kiusa,
ndilo langu. Kioo kina tundu la ukubwa wa kisosi,
humo hupita vitabu vya akiba, vidole, pumzi,
harufu ya vitunguu ya mama wa soko la Mbuyuni
anayehesabu mara tatu, na ya tatu kwa sauti.

Mlima ukiwa wazi asubuhi, watu huweka.
Ukijifunika, hutoa.
Meneja anasema huo ni ushirikina.
Nimekaa hapa miaka mitano, sijamwonyesha daftari langu.

Niliosoma nao nawajua kwa tarakimu.
Ndekirwa, aliyekuwa akinikatia nusu ya andazi:
laki moja na nusu, haijaguswa tangu Pasaka.
Elinaike wa duka la vipodozi, kucha za zambarau,
simu yenye macho matatu:
elfu tisa na mia nne.
Tukikutana harusini namsifia gauni.
Kiapo cha siri nilikitia saini mimi,
macho hayakutia.

Mwezi wa tano alikuja mtaalamu na picha za ukutani.
Akasema: ukifika thelathini,
uwe na mshahara wa mwaka mzima umelala.
Tukatazamana.
Mshahara gani hulala Moshi hii?
Wetu huingia tarehe ishirini na tano,
husalimia mlangoni,
na kabla haujavua viatu umeshaitwa kwingine.
Walisema ujana ni mtaji.
Riba yake hawakuitaja.

Jumatano akaja Kundaeli wa bodaboda, miaka ishirini na sita,
kofia ngumu kwapani.
Anataka yote.
Milioni moja, laki mbili na elfu thelathini,
miaka mitatu ya elfu mbili mbili,
nyingine zikiwa na vumbi la Pasua, nyingine na mvua,
na kila moja niliigongea muhuri mimi.

Fomu ina mstari mmoja wa nukta: *Sababu ya kutoa.*
Aliandika, akafuta, akaandika tena
mpaka karatasi ikatoboka.
*Baba.*
Nikauliza, maana kuna kisanduku cha kuweka alama:
matibabu au msiba?
Akasema, "Bado hatujajua, dada. Yuko KCMC."

Kisanduku nikakiacha kitupu.
Nikahesabu mara mbili, polepole kuliko inavyohitajika.
Akaniuliza: "Nikirudi, nitaendelea na kitabu hikihiki?"
Kanuni inasema kitabu kikifika sifuri
hukatwa kona kwa mkasi, mbele ya mwenyewe.
Mkasi ulikuwa pale, karibu na kiwiko changu.
Nikasema umepotea.

Mimi nimetimiza ishirini na tisa wiki hiihii.
Kitabuni mwangu mna laki tatu na elfu kumi na nane.
Nilikaa nacho choo cha ofisi, mlango nimefunga,
nikitafuta miaka yangu ilikotokea.
Bati kumi na nne za mama, Kibosho.
Ada ya Aminieli, kidato cha tano, na godoro lake,
na godoro la pili, la kwanza liliibwa.
Bodi ya mikopo, inayokata kabla sijaona.
Michango ya harusi nne;
mbili zimeshavunjika na hakuna aliyerudisha kadi.
Hakuna nilichokula peke yangu
isipokuwa viatu vyekundu, na vinabana.

Desemba inakuja. Nyumbani watauliza afya kwanza,
halafu watatazama begi.

Saa kumi nikafunga dirisha.
Hesabu ilipungua shilingi mia mbili,
nikajazia kutoka mfukoni, kama kawaida.
Mlima ulikuwa umejifunika.
Kundaeli hajarudi bado; leo ni siku ya tisa.
Mkasi uko droo ya chini,
chini ya fomu za wanaotaka kufungua.